Kigugumizi cha Joanitha

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Imefika! Mzee Uledi aliichukua posta jana na hakumwambia mtu. Leo tulipokwisha kukaa wote akaingia chumbani, akatoka nayo imefunikwa taulo jeupe kama mtoto mchanga. Bunena Jazz Band. Nyimbo zao za mwanzo, zimetolewa upya huko Ulaya kwenye santuri nene, nyeusi, inayonukia upya. Nimeigusa ukingoni kwa kidole kimoja. Nikajikaza nisilie mbele ya Mutalemwa.

Mutalemwa ni mwalimu wa fizikia. Ana gramafoni ndogo ya betri na maoni makubwa. Mzee Uledi ni fundi redio, ndiye mwenyekiti wetu, na sebule ni yake. Mama Gaudiosa ni muuguzi mstaafu, huimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wake. Husikiliza akiwa amefumba macho, na akikoroma tunamwacha. Mimi nina shahada ya fasihi na masikio. Hao ndio wapenzi wa jazz wa Bakoba, mtaa wetu hapa Bukoba. Na tukisema jazz ni jazz yetu: magitaa matatu, saksafoni moja, na mpiga tumba asiyejua kuchoka.

Tukasikiliza. Yale magitaa! Kwenye kaseti ya Mzee Uledi yanasikika kama yanapigwa nyumba ya tatu. Leo yalikuwa sebuleni. Nilisikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Mtu aliyevuta pumzi hiyo alikuwa kijana wa rika langu, na sasa pumzi yake iko Bakoba, kati ya kochi na kabati la vyombo. Nilitamani wimbo usianze, nibaki na ile pumzi.

Kisha wimbo wa tatu, "Joanitha wa Kaagya".

Wimbo huu watu wa Bukoba wanaujua kwa magoti. Gitaa linapanda, linapanda, halafu linakwama. Ti-ri, ti-ri, ti-ri! Mara tatu palepale. Hicho ndicho kigugumizi. Kila mtu hunyanyua goti la kulia na kuliacha hewani, kisha nyonga inatupwa kushoto, pa, na wimbo unaendelea. Nimewahi kumwona bwana harusi mwenye plasta mguuni akifanya. Katika harusi zote nilizokwenda, Mama peke yake ndiye hanyanyui goti. Hukaa kwenye kiti chake akicheka. Nilikwisha kumsamehe. Si kila mtu ana sikio.

Basi leo gitaa likapanda, likapanda, na likapita. Moja kwa moja! Hakuna kigugumizi. Tukabaki wanne na magoti hewani. Mama Gaudiosa alishika pazia ili asianguke.

Nikasema wameukata. Mutalemwa akasema pengine tuusikilize tena kwanza. Huyu mtu!

Halafu habari yenyewe. Dada wa kampuni iliyotoa santuri amemwandikia Mzee Uledi kwamba inakuja santuri ya pili, na wanataka mtu mmoja wa Bukoba aandike maelezo ya kwenye jalada. Mzee atatoa jina tukikutana tena, Jumamosi ya tarehe 23. Alipomaliza kusema akanitazama mimi, kisha akamtazama Mutalemwa.

Lazima niwe mimi. Maisha yangu yote sijawahi kuandika kitu kikasomwa na mtu ambaye hakushika kalamu nyekundu.

Nimemweleza Mama nilipofika nyumbani. Alikuwa anamenya ndizi. Kusikia jina la Joanitha akaanza kucheka, akasema huyo Joanitha wetu, enzi za bibi yangu pale hotelini... Nikamwomba asubiri kidogo, nilikuwa nafikiri.

Jumapili, 10 Novemba

Jambo hili si dogo. Tasnifu yangu ya chuo ilihusu kigugumizi. Nilieleza kwamba mpenzi amefika Kaagya, amepita mibuni na migomba, yuko mlangoni kwa Joanitha. Ananyanyua mguu kuingia. Anaogopa. Ananyanyua tena. Goti lile ni moyo unaosita, na nyonga ni ujasiri unaokuja ghafla. Nilipata alama ya juu. Mhadhiri aliandika pembeni neno moja, "Ushahidi?", nami nikamwona mtu asiyewahi kupenda.

Mimi pia sijawahi, lakini nimesikiliza sana.

Kwa hiyo, kama kigugumizi hakikuwepo, mpenzi wangu aliingia tu ndani kama mpimaji wa umeme. Haiwezekani!

Mpango: niwe wa kwanza kuwafichulia kampuni kosa lao. Wataona kwamba Bukoba kuna mtu makini, na hawatataka mwingine. Nimewaandikia barua pepe kabla ya chai. Nimetumia maneno "masikitiko makubwa" mara mbili na "kung'oa moyo wa wimbo" mara moja. Nakala kwa Mzee Uledi, ili naye aone.

Mama alikuja mlangoni akasema, "Nuri, hicho kigugumizi chenu..." Nikamwambia anisubiri nimalize aya. Alisubiri kidogo, akaenda kuosha sufuria.

Jumanne, 12 Novemba

Wamejibu. Kwa upole wa kuudhi. Dada wa kampuni anasema wametumia utepe halisi wa studio, ulikuwa umehifadhiwa Nairobi, na hawakuondoa hata pigo moja. Anauliza kwa heshima ni mwanamuziki gani wa bendi anayesema vinginevyo.

Mzee Uledi hakukasirika. Aliniambia tu, huku anachomelea waya wa redio ya mtu, kwamba angefurahi kama ningeanza na asante. Kukasirika kungekuwa nafuu.

Na Mutalemwa! Amechora mawimbi ya sauti ya wimbo mzima kwa kompyuta, amechapa, amekuja nayo. Ameweka kidole mahali pa kigugumizi akaonyesha kwamba hakuna mkato, mstari uko laini. Nilikubali kwa kichwa. Nilitamani kuila ile karatasi. Akasema wimbo huo ndio uliomfanya apende fizikia, kwa sababu alipokuwa mdogo alitaka kujua sauti inakwamaje hewani. Nikasema kumbe. Sentensi nzuri sana hiyo. Kwa nini haikuwa yangu?

Lakini swali la dada wa kampuni limenipa njia. Mwanamuziki gani? Basi nitampata mwanamuziki! Mama Gaudiosa anasema mpiga gitaa la solo, Mzee Kyaruzi, yuko hai, analima Ngenge, na miaka ile yeye muuguzi alimhudumia mkewe wodini. Nitakwenda. Nitampigia wimbo uliokatwa, atashtuka, nami nitaandika ule mshtuko neno kwa neno.

Kasoro moja: mzee hawezi kushtushwa na simu. Anahitaji santuri yenyewe, na santuri inahitaji gramafoni, na ya betri iko kwa mtu mmoja tu mji mzima.

Alhamisi, 14 Novemba

Mzee Uledi ameniazima santuri. Ameifunga kwa taulo lilelile na amenitazama muda mrefu.

Gramafoni sasa. Nilimwambia Mutalemwa naiazima kwa ajili ya wanafunzi wa madrasa, kuna mazoezi ya kaswida. Akauliza siku hizi kaswida ziko kwenye santuri? Nikasema baadhi. Akasema atakuja nayo mwenyewe aifunge, mahali penye watoto sindano huvunjika, na je, ustadhi anamtaka saa ngapi?

Nilijaribu kumfikiria huyo ustadhi. Sikufika mbali. Nikasema kweli yote.

Hakucheka. Alisema Jumamosi hana vipindi, na amekwisha nunua betri mpya. Kwa hiyo ananifuata mpaka kwenye shahidi wangu! Mtu mjanja. Nimeamua nitakaa karibu na mzee kuliko yeye.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimerudi. Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Basi mpaka Muleba, kisha pikipiki mbili kushuka Ngenge, mimi na santuri kifuani, Mutalemwa na gramafoni mgongoni. Joto. Mahindi pande zote. Mzee Kyaruzi alikuwa anafunga zizi. Mrefu, mkavu, kofia ya zamani. Mutalemwa alisalimia kwa Kihaya kirefu chenye kuinama kunakotakiwa, mzee akafurahi. Kihaya changu ni cha mjini: naelewa kila kitu na kujibu kwa Kiswahili. Nikasema shikamoo.

Mkewe, Mama Kokwijuka, akatuletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyopasa kwa wageni. Nikachukua punje, nikakaa karibu na mzee kama nilivyopanga. Mutalemwa akafunga mitambo. Nikafungua daftari.

Wimbo ukaanza, na nikasahau kuandika.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja. Vidole vikaanza kutembea. Viwili havikunjiki tena, lakini vilikwenda navyo, vimenyooka, vinafika mahali pao kwa wakati wao. Alikuwa anaupiga. Miaka yote hii, mahindi na ng'ombe na mvua, na paja lake bado linajua wimbo. Gitaa likapanda, likapita pale pa kigugumizi, na vidole vyake vikapita vilevile. Havikusita hata kidogo.

Hapo nikajua nimekwisha.

Ulipoisha akaomba tena. Tukaupiga tena. Kisha nikauliza, kwa sauti ndogo, kama haoni kuna mahali wamekata.

"Hakuna aliyekata kitu, mwanangu. Ndivyo tulivyopiga."

Akaanza kucheka, na akicheka akasimulia. Waliporudi Nairobi kurekodi, santuri ikiwa imewatangulia, walipiga dansi Muleba. Walipofika kwenye "Joanitha", ukumbi mzima ukanyanyua magoti na kubaki hivyo! Bendi ikaendelea, wachezaji wakapotea, wakazomea. Ikawa hivyo dansi la pili, na la tatu. Bendi ikadhani inadhihakiwa. Mtu akawaambia waende wakaone kwenye hoteli ya chai kule Bukoba mjini, ambako ndiko ilikokuwa santuri pekee ya wimbo huo, na mji mzima, na wasafiri wa Muleba, walikuwa wameujifunza pale.

Wakaenda. Wakakuta santuri ina mkwaruzo. Sindano ikifika pale inarudi nyuma, ti-ri, inarudi, ti-ri, na ingerudi mpaka kesho. Lakini mwenye hoteli, mama mmoja mnene mwenye mikono imejaa unga wa chapati, akisikia mara ya tatu analisukuma kwa nyonga kabati lililobeba gramafoni. Pa! Sindano inaruka, wimbo unaendelea. Na wateja wake, vikombe mkononi, wote wanasukuma nyonga pamoja naye.

Mzee alisema alikaa pale siku nzima. Alikunywa chai mpaka tumbo likauma, ili tu amwone yule mama akisukuma. Tangu hapo bendi ikapiga hivyohivyo, na kigugumizi na nyonga.

"Sisi tuliuanza ule wimbo," akasema. "Aliyeumalizia ni yule mama."

Nikauliza mkwaruzo ulitoka wapi. Ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, akasema, kama sasa. Jioni, taa zimewashwa, senene wanaingia dirishani kama mvua. Mmoja akatua juu ya santuri, akawa anazunguka nayo. Mtoto wa mwenye hoteli, kasichana kenye pengo, kakamrukia. Sindano ikakwaruza.

Mutalemwa akauliza mama yule aliitwa nani.

"Siti. Na kale katoto alikaita Farida."

Punje za kahawa zikanidondoka zote. Siti ni bibi yangu. Sikumwona, alikufa kabla sijazaliwa. Farida yuko jikoni kwetu, na tangu wiki iliyopita anajaribu kuniambia kitu.

Jumapili, 17 Novemba

Nimemuuliza Mama. Ndiyo, akasema, ni yeye, na nimekwenda kumsumbua mzee wa watu Ngenge kwa nini? Nikasema angeniambia. Akasema ameanza mara mbili.

Nikamuuliza kama hajisikii vibaya. Mji mzima, vizazi vitatu, harusi zote hizo! Hakunielewa.

"Alikuwa mwekundu, Nuri. Wekundu hawaji kila msimu. Ningemwacha?"

Akanieleza kwamba bibi hakumchapa. Alimtazama senene, akasema kweli ni mwekundu, akamkaanga. Ile santuri ilipotea wakati wa vita, pamoja na kabati na hoteli yenyewe. Kaseti ya Mzee Uledi lazima ilitokana na mtu aliyerekodi pale hotelini. Na sababu ya Mama kukaa kwenye kiti harusini akicheka ni kwamba kila akiona watu wazima, wenye tai, wakisukuma kabati lisilokuwepo, anamwona mama yake na unga mikononi. Hawezi kusimama kwa kicheko. Mara nyingine, akasema, si kicheko.

Nilitoka nikakaa uani. Nimekulia ndani ya nyonga ya bibi yangu na sikujua. Nilipokuwa na miaka saba nilishinda zawadi ya kucheza "Joanitha" shuleni. Hakuna aliyenifundisha. Nilimwiga mtu aliyemwiga mtu aliyekuwa amekaa na kikombe cha chai akimwangalia bibi.

Ni kitu kizuri kuliko tasnifu yangu yote. Hilo ndilo tatizo. Tasnifu yangu nayo ni nzuri.

Jumatano, 20 Novemba

Nimefikiri siku tatu. Mpango mpya.

Mzee Uledi anatoa jina Jumamosi. Nikisimama na kusema kwamba kampuni ilikuwa sahihi, Mutalemwa alikuwa sahihi, na kigugumizi changu ni senene, nani atanipa jalada? Kwa hiyo nisiseme. Kusema uongo sitasema. Nitasoma tu kurasa bora za tasnifu, zile za mpenzi mlangoni, watu wataguswa, jina litatoka. Ukweli nitauweka baadaye, pengine kwenye santuri ya tatu.

Vizuizi ni viwili. Cha kwanza Mutalemwa. Nilimkuta sokoni, nikamuuliza anakusudia kusema nini Jumamosi. Akasema hakusudii kusema chochote, habari ni ya familia yangu, nyonga ni ya bibi yangu, nitaisimulia nikipenda. Kisha akasema tangu Ngenge anaisikiliza kaseti upya, na kila ikifika "pa" anasikia kwa mbali vikombe vikigongana. Anadhani ndilo kabati lenyewe. Aliniambia hivyo huku ameshika mfuko wa nyanya, macho yamemtoka kama mtoto.

Nimekuja nyumbani nikasikiliza. Vikombe vipo! Vipo kweli. Miaka yote nilidhani ni tari. Mbinu ya kunilainisha hiyo, lakini vikombe vipo.

Kizuizi cha pili ni Mama, ambaye tangu niulize anasimulia kwa kila anayepita. Nimemwambia kikao cha Jumamosi kimeahirishwa. Akasema sawa, basi siku hiyo atapumzika.

Jumamosi, 23 Novemba

Nilivaa gauni la bluu. Nikaomba kaseti ipigwe taratibu nyuma yangu wakati nasoma, ili hisia zipande. Mzee Uledi akaiweka kwenye redio yake kubwa, juu ya kabati la vyombo. Nikaanza. Nilikuwa nimefika mahali mpenzi anapita kwenye mibuni yenye maua, na Mama Gaudiosa alikuwa amefumba macho bila kukoroma, dalili nzuri sana, mlango ukafunguka.

Mama. Na bakuli kubwa la senene wa kukaanga, mikono miwili. Kwa kuwa kikao hakipo, alikuwa ameona amletee mke wa Mzee Uledi.

Akasimama mlangoni akanitazama, na kurasa zangu, na gauni. Nikafungua mdomo nijitetee. Kaseti ikanitangulia. Gitaa likapanda, likapanda, likakwama. Ti-ri, ti-ri, ti-ri. Na Mama, ambaye sijawahi kumwona akicheza maishani mwangu, bakuli mikononi, akalisogelea kabati la Mzee Uledi na kulisukuma kwa nyonga. Pa! Vikombe vyote vikalia.

Mutalemwa alikuwa amesimama bila kujua. Mzee Uledi akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, Mama Nuriat, hiyo umeitoa wapi?

Akasimulia. Alikaa kwenye kiti changu akasimulia yote: senene mwekundu, taa, unga, wateja, mji. Bakuli likazunguka. Kila alipotaja jina la Bibi alilitaja taratibu. Mama Gaudiosa alilia wazi. Akasema yeye, akiwa binti wa miaka tisa, aliwahi kutumwa chai kwenye hoteli hiyo, na alidhani yule mama alikuwa anacheza tu. Mzee Uledi alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

Mimi nilisimama na kurasa zangu. Niliona aibu, na sikuweza kuacha kumsikiliza. Anasimulia vizuri mno! Hatumii neno "kusita" hata mara moja.

Kisha Mzee akatoa jina.

"Farida binti Siti," akasema. "Nani mwingine?"

Mama akasema yeye na kuandika wapi na wapi. Hapo Mutalemwa, ambaye hakukusudia kusema chochote, akasema kwamba yupo mtu wa kuandika, na kwamba mtu huyo alikwenda Ngenge akamsikiliza mzee mpaka akasahau daftari, na yeye hajawahi kuona mtu akisikiliza namna ile. Watu wote wakanitazama. Nikatazama senene.

Imeamuliwa. Mama atasimulia, Mutalemwa atarekodi, mimi nitaandika kwa maneno ya Mama. "Bila kuongeza," akasema Mzee Uledi, akaniangalia. Bila kuongeza! Jina langu litakuwa chini, kwa herufi ndogo, lakini litakuwepo. Njiani nilimwomba Mama samahani kuhusu kikao. Akasema alijua tangu Jumatano, na kwamba senene wengi namna ile hawakaangwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: kwanza sikiliza, ndipo uandike.

Jumapili, 24 Novemba

Kesho Mutalemwa anakuja kurekodi. Ameacha gramafoni kwetu, na Mzee ametuachia santuri, ili Mama asikilize na kukumbuka.

Nimekaa na kufikiri. Mama atakumbukaje vizuri na santuri ambayo haikwami? Haina haki kwake. Haina haki kwa Bibi. Mvua imekatika saa kumi na mbili, taa imewashwa, senene wanaanguka uani. Kila kitu kiko kama siku ile. Kilichopungua ni mkwaruzo mmoja mdogo, mahali panapojulikana. Nitamfurahisha kila mtu.

Nimetafuta mwekundu, sikumpata. Nikachukua wa kijani, nikasubiri wimbo wa tatu, nikamweka juu ya santuri kwa adabu kabisa.

Hakuzunguka. Alinirukia shingoni. Nikapiga kelele, nikajipiga kofi, kiwiko kikagonga sindano, nayo ikateleza krrrk mpaka karibu na katikati. "Joanitha" yuko salama, anapita laini kama mpimaji wa umeme. Lakini ule wimbo wa taratibu wa mwisho, wenye saksafoni, sasa unakwama. Po-o, po-o, po-o. Nikasikia Mama anaita kutoka jikoni nisukume meza. Nikasukuma. Kwa nyonga. Ikaruka, ikaendelea.

Nimerudia. Nimerudia tena. Ni pazuri mno! Ni kama mtu anataka kusema jina na linamshinda, halafu linamtoka. Sijawahi kusikia saksafoni ikiogopa namna hii. Gauni limelowa jasho, nasukuma meza peke yangu.

Na nimewaza. Je, kitu kizuri namna hii kinaweza kuwa ajali? Mara mbili? Mahali panapofaa hasa, penye neno la mapenzi? Kuna jambo hapa. Bila shaka bendi yenyewe ilikusudia pakwame, studio ndiyo haikuelewa, na senene amepafunua tu.

Nimeanza barua pepe. "Ndugu Wahusika, asanteni kwa santuri. Kwa masikitiko makubwa nalazimika kuwafahamisha kwamba wimbo wa mwisho pia mmeukata."

Mama amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Anasema, "Nuri, huo wimbo wa saksafoni..." Nimemwomba asubiri nimalize aya.